UZI: Niko fildi ya unasihi wa waraibu hapa Dodoma, mteja kaniambia jambo nikakosa usingizi siku 3

#1 Mtoto wa Ntyuka

Wakuu mbukwa! Wasio wa Dodoma hiyo ni salamu msije mkadhani natukana.

Niingie kwenye mada. Mimi ni binti, nilisoma ustawi wa jamii ngazi ya diploma, nikakaa kitaa miaka 2 nauza vitenge, mwaka huu nikapata nafasi ya kujifunza unasihi wa watu wenye uraibu, pombe na unga. Darasani wiki 6 halafu fildi kwenye kituo fulani hapa mjini, jina sitaji na msiniulize. Naandika kwa sababu kila nikimwambia mtu kazi ninayojifunza anadhani nakaa na mateja nawaambia "acha, ni mbaya" halafu nasaini posho. Natamani ingekuwa hivyo.

Somo la maadili ndilo nililolidharau kuliko yote, nawaambia ukweli. Nililiona kama mafundisho ya kipaimara. Usile hela ya mteja, usitoke na mteja, usitoe siri ya mteja, nikasema haya nayo ya kusomea? mimi nimelelewa na bibi yangu, haya nayajua toka sijaanza darasa la kwanza. Mwalimu akatupa zile kanuni 5 za wanasihi, kumheshimu mtu ajiamulie mambo yake, kumtendea mema, kutomdhuru, kutenda haki, na kushika neno ulilompa. Nikakariri, mtihani nikapata 84. Ambacho sikukisikia, au kilisemwa wakati nachati, ni kwamba zile kanuni zinagombana zenyewe kwa zenyewe, tena zinagombana saa 9 mchana una njaa na mtu kakaa mbele yako anakuangalia usoni.

Siku ya kwanza kituoni supavaiza wangu, mama mtu mzima wa Kondoa, mpole ila macho makali, alinisikia nasema "yule teja pale". Akanivuta pembeni akaniambia hapa hatuna teja, tuna mteja, tofauti ni herufi moja tu ila hiyo M ndiyo kazi uliyokuja kujifunza. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa kisa chenyewe. Nilipewa mteja wa pombe, mtu mzima ana familia, anaendesha gari mtaa wa (nimeufuta, sababu someni huko chini). Mkao wa tatu ulikuwa siku ya Ijumaa. Tukawa tunaongea vizuri tu, namuuliza siku yako inaanzaje, akacheka kidogo akasema dada mimi bila kuzimua asubuhi mikono inatetemeka hata ufunguo wa gari hauingii, napiga kwanza kidogo ndio natulia. Nikamuuliza gari gani hilo. Akasema la watoto wa shule.

Wakuu kichwa kilipata moto. Na papo hapo nikakumbuka kitu kingine kibaya zaidi kwangu mimi. Kuna fomu ya kumwandikisha mteja, ndani yake kuna sehemu unatakiwa umweleze kwa mdomo, taratibu, kwamba unayosema hapa ni siri isipokuwa ukitaka kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au mtoto akiwa hatarini. Siku anaandikishwa foleni ilikuwa ndefu na mimi nimechoka, nikamwambia "kaka hapa kila kitu ni siri usiwe na wasiwasi, saini hapa". Akasaini. Kwa hiyo aliyesema "kila kitu ni siri" nilikuwa mimi, na yeye akaniamini ndio maana akasema.

Nikafanya nilichoona ni busara. Nikamwambia kaka niahidi, kuanzia leo hugusi tena, Jumatatu unaendesha ukiwa mkavu. Akaahidi, tena akaapa kwa watoto wake. Nikatoka pale najiona malaika.

Nakuja kuendelea, umeme hamna na simu ina 9%.

#2 Nimekaa Jamatini

Nimeweka kigoda changu hapa na karanga. Ukiendelea nishtue dada angu

#3 Jogoo la Kongwa

Chai hii. Alafu mlevi haponi na teja haponi, nimezaliwa nimewakuta na nitakufa nitawaacha. Hizo fomu zenu ni za kuwaonyesha wafadhili tu. Gari la wanafunzi, mtu kalewa, unapiga simu trafiki dakika 2 kesi imeisha, wewe unaleta mambo ya kanuni 5

#4 Mzee wa Miyuji

Binti, sijui kama utarudi leo, lakini hiyo ahadi uliyomchukua hapo mwisho imenitisha kuliko gari. Nilikuwa tabibu miaka mingi, nimestaafu.

Watu wanachanganya. Arosto ya unga inamtesa mtu, anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma mpaka analia kama mtoto, ila kwa mtu mwenye afya yake mara nyingi haimuui. Pombe sivyo. Mtu aliyezoea kunywa kuanzia asubuhi kila siku kwa miaka, ukimkatia ghafla, baada ya saa chache anatetemeka na jasho linamtoka. Ndani ya siku 2 anaweza kuanguka akakakamaa kama mwenye kifafa. Siku ya pili, ya tatu mpaka ya nne hivi anaweza kuanza kuona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, joto linapanda, na hapo asipofikishwa hospitali anaweza kufa. Hiyo "mikono inatetemeka mpaka nizimue" ndio kengele yenyewe. Zamani familia zilikuwa zinasema karogwa, wanamzungusha kwa waganga siku 3, wakimfikisha kwetu kachelewa.

Kumwambia mtu wa namna hiyo "acha leo" ni kutoa dawa, na wewe si daktari. Uliishia wapi?

#5 Mtoto wa Ntyuka

Mzee wangu shikamoo. Umegusa palepale na nimesoma nikaona aibu upya.

Naendelea. Ijumaa usiku sikulala, nilikuwa nawaza watoto. Yaani kila nikifumba macho naona zile sweta ndogo za shule kwenye kioo cha nyuma. Nikitaka kuinuka nimpigie mtu nakumbuka "kila kitu ni siri". Nikisema ninyamaze naona sweta. Na supavaiza hayupo, kaenda msibani kwao Kondoa, nikaona nikimpigia nitamsumbua mtu kafiwa. Hilo lilikuwa kosa namba 2. Jumamosi asubuhi nikampigia tu, naomba radhi sentensi 4 kabla sijasema jambo.

Mnajua swali lake la kwanza lilikuwa nini? Sio watoto. Aliuliza "anakunywa kiasi gani kwa siku, na wewe umemwambiaje?" Nikamweleza ahadi, kwa fahari kabisa jamani. Kukawa kimya nasikia watu wanaimba huko nyuma. Akasema kata simu mpigie sasa hivi, usimuulize habari za gari, muulize anajisikiaje.

Simu akapokea mke wake. Toka jana jioni hajagusa, anatoka jasho shuka limelowa, anatapika, hawezi kushika kikombe. Alikuwa anatimiza ahadi yangu! Nikawaambia wachukue bajaji waende hospitali na mimi nikawafuata. Daktari akamlaza, akampa dawa za kutuliza, sindano za vitamini B1, akasema mmewahi. Mimi nimekaa kwenye benchi pale nje nimeshika mkoba, nahesabu vigae.

Kwa hiyo Jumatatu hakuendesha. Msiseme tatizo lilijimaliza, lilisogea tu, maana atatoka wodini na gari lipo palepale na mkataba wake na tajiri uko palepale.

Supavaiza aliporudi hakunifokea, alinikalisha akaniuliza maswali mpaka nikatamani angenifokea. Ukinyamaza nani anaumia? Ukisema nani anaumia? Kuna kitu mteja mwenyewe anaweza kufanya kabla hujafanya wewe? Kila nikijibu anasema andika. Nikisema "nadhani" anasema andika kwamba unadhani. Akaniambia wanafunzi wengi wanafikiri kuamua kimaadili ni kuchagua kati ya zuri na baya, hiyo hata jambazi anaijua, kazi yako ni pale ambapo pande zote 2 ziko sawa na lazima mmoja umkosee, basi ujue unamkosea nani, kwa sababu gani, na umwambie usoni.

Tukaenda wodini wawili. Yeye akaanza kwa kunikosoa mimi mbele ya mteja, kistaarabu, kwamba mwenzangu hapa hakukueleza mipaka ya siri, hilo kosa ni la kituo, tunakuomba radhi. Ndipo akamwambia, sasa kuna watoto, na wewe ni baba, tufanyeje? Yule kaka alinyamaza muda mrefu. Baadaye mwenyewe akachukua simu akampigia tajiri, akasema anaumwa, daktari kampa mapumziko, watafute deiwaka. Hakusema pombe na hakuna aliyemlazimisha aseme. Tukaandikiana kwamba hatarudi kwenye usukani mpaka daktari aseme sawa, na akirudi kabla ya hapo kituo kitamjulisha mwenye gari. Akasaini, safari hii kasoma neno kwa neno, kasoma mpaka ile mistari midogo ya chini.

Akanirudishia kalamu akasema "dada, uliniambia kila kitu."

Hilo tu.

#6 Nimekaa Jamatini

Dah

#7 Jogoo la Kongwa

Sawa nakubali sio chai. Ila bado swali langu liko palepale, angekataa je? Mngebembelezana mpaka gari lipinduke? Polisi wapo kwa ajili ya nini

#8 Mtoro wa Sheria

Mkuu Jogoo umeuliza swali ambalo Wamarekani waliliendea mahakamani, ngoja niseme kama mtu niliyeikimbia sheria mwaka wa tatu.

Kuna kesi maarufu inaitwa Tarasoff, California. Mwaka 1969 kijana mmoja alimwambia mwanasaikolojia wa chuo kikuu pale Berkeley kwamba atamuua binti fulani. Mwanasaikolojia akafanya hicho hicho unachosema wewe, akawaambia polisi wa chuo. Polisi wakamkamata, wakaongea naye, wakamuona ana akili timamu, wakamwachia. Binti hakuambiwa, wazazi hawakuambiwa. Miezi michache baadaye akauawa. Wazazi wakashtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikasema mtaalamu ana wajibu wa kumlinda mtu aliye hatarini, siri inaishia pale hatari ya wengine inapoanza. Kwa hiyo simu ya dakika 2 ilipigwa na msichana alikufa vilevile. Suala ni kumfikishia taarifa mtu anayeweza kuizuia hatari.

Hiyo ni sheria ya kwao, haitufungi sisi. Kwetu tuna Sheria ya Mtoto ya 2009, inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa husika. Upande wa pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, huwezi kuchukua habari za afya za mtu ukazimwaga tu kwa sababu una hasira. Zote 2 ziko mezani kwa dada yetu, na hakuna inayomwambia afanye nini saa 9 mchana.

#9 Mtoto wa Ntyuka

@Jogoo angekataa tungesema. Supavaiza alishaniandalia na hilo. Kwanza unamwambia mteja mwenyewe kwamba sasa naenda kusema, kwa fulani, maneno haya. Humzunguki. Halafu unamwambia yule mwenye uwezo wa kuzuia, hapo ni tajiri wa gari, na unasema kile tu kinachohitajika, "huyu dereva kwa sasa hayuko salama kuendesha". Basi. Husemi pombe wala kituo gani, husemi mke wake alilia. Alinifanyisha mazoezi ya hiyo sentensi mara 6 maana kila nikiisema naongeza kitu, mdomo wangu ulikuwa unataka kujieleza.

#10 Mwana wa Chang'ombe

Wakuu niseme na mimi wa upande wa pili. Nimekula unga miaka 11. Methadoni, ile dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, ilipoanza kutolewa Muhimbili 2011 mimi nilikuwa Dar nalala vibarazani, nikaisikia nikaidharau, nikaja kuanza nimesharudi nyumbani Dodoma, nanywa kwenye kliniki iliyo chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Asubuhi unaenda, unakunywa mbele yao, unaongea kidogo waone umemeza, unaondoka. Arosto haikugusi saa 24 nzima. Mtaani wakikuona unaelekea Mirembe wanakuita chizi, poa tu, kuna kipindi walikuwa wananiita mwizi na walikuwa sahihi.

Sasa hivi ni mwelimishaji rika, nasaidia kwenye soba hausi moja, nyumba wanapokaa wanaoacha unga. Dada umesema mambo ya mtu usiyemjua, mimi wateja wangu ni washkaji. Kuna mmoja tulikuwa tunachangia kete moja, alinibeba mgongoni siku nimezima. Miezi 2 mkavu, mimi ndiye niliyemleta. Usiku mmoja namkuta chooni ana kete mkononi, hajaitumia bado. Sheria ya nyumba, ukikutwa na kete unatolewa muda huo huo. Akaniambia mwanangu nyamaza, nitaimwaga.

Fikirieni. Nikinyamaza kuna wengine 14 mle ndani wanapumulia hewa moja, kete 1 inaangusha nyumba nzima. Nikisema anatolewa. Na mtu mkavu miezi 2 mwili umeshasahau, akirudi kijiweni akajidunga kipimo chake cha zamani anazima mazima. Nimezika watu hivyo, wengi wametoka soba au jela wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo ile sheria ya kumtoa usiku ningekuwa namchimbia kaburi mtu aliyenibeba mgongoni.

Nilimwambia simwambii mkuu wa nyumba kabla yako, ila saa 12 asubuhi nasema, na usiku huu unalala ofisini na mimi. Kete tukaitumbukiza wote wawili nikiangalia. Hatukulala, tulikaa tunaangaliana kama majogoo. Asubuhi nikasema. Wakabishana sana, wengine sheria ni sheria, mwisho wakakubali atoke kwenye nyumba ila siku hiyo hiyo apelekwe kliniki aanzishiwe methadoni, nikampeleka mwenyewe kwa miguu. Yupo hai, mnene. Ananiita snichi mpaka kesho, tukikutana Sabasaba ananipita kama nguzo ya umeme.

Kozi ya maadili sijasoma.

#11 Mzee wa Miyuji

Kijana, ulichofanya kinafundishwa kwa maneno marefu sana. Hongera.

#12 Kisasa Kwetu

Mimi nawasoma tu nashangaa mnavyompongeza. Dada umekuja hapa mbele ya watu maelfu umetaja kituo cha Dodoma, dereva wa gari la wanafunzi, mtaa umeutaja, kalazwa wikiendi, ana mke na watoto. Mtaa huo magari ya wanafunzi yako mangapi? Mimi nakaa hapo na nishaanza kuhesabu kichwani. Unatufundisha siri huku unaimwaga? Nikiwa mimi ni yule kaka nimesoma huu uzi?

#13 Mtoto wa Ntyuka

@Kisasa umenipiga panapouma na ni kweli.

Nilipoanza kuandika nilibadilisha vitu. Kazi yake kuna mahali nimeigeuza, umri, siku, na baadhi ya mambo ni ya mteja mwingine nimeyachanganya humo. Nilijiona nimemaliza. Mtaa niliuacha kwa sababu nilitaka watu wa Dodoma waone ni kwetu, yaani kwa ajili ya utamu wa stori. Nimeufuta sasa hivi. Na nimemtumia supavaiza linki ya uzi kabla hajaambiwa na mtu, nasubiri jibu, tumbo linaunguruma. Akisema nifute wote naufuta, msione ajabu mkikuta hamna kitu.

Kingine niseme hapa hapa, yule kaka alirudi kituoni baada ya kukosa mara 2. Akaomba abadilishiwe mnasihi. Sio mimi tena. Nilitaka nimpigie nimuombe anipe nafasi nyingine, nikaandika meseji ndeeefu, supavaiza akaniuliza hiyo meseji ni kwa faida ya nani. Nikaifuta. Ni haki yake, yuko na mwenzangu na nasikia wanaenda vizuri. Nasikia tu, kwa sababu siruhusiwi kuuliza zaidi ya hapo.

#14 Nyanya Chungu

Mimi ni mama. Nauza nyanya, mwanangu yuko soba mwezi wa 4 sasa, nalipa kwa kudunduliza, kuna siku nalala na njaa nilipe. Nikienda pale nauliza je anaendelea, ameteleza tena, ananiambia binti mdogo kama wewe "mama hiyo ni siri ya mteja". Siri kwa nani? Mimi nilimzaa, mimi nilimfunga kamba mikono asiuze mabati ya nyumba, mimi nilimwogesha akiwa na arosto ana miaka 24. Leo mimi ni mtu baki? Mnaongelea haki za kila mtu hapo, haki yangu mimi iko kanuni ya ngapi?

#15 Mtoto wa Ntyuka

Mama shikamoo. Nimesoma mara 3 na nimekaa nayo kabla ya kujibu.

Sina jibu la kukuridhisha. Ninachoweza ni kukueleza kinachofanyika upande wetu wa meza. Kukusikiliza hakuvunji siri ya mtu. Ukija ukaniambia kaiba sufuria, jana alinipigia analia, ana kidonda mguuni, mimi nasikia na vitu vingine vinamsaidia. Kukujibu ndio kazi ngumu, maana nikikujibu leo kwa nia njema, kesho anakuja mjomba na yeye nimjibu, na nimeona mteja aliyepigwa na kufungwa minyororo kwa sababu mtu wa kituo alisema kwa nia njema kwamba kateleza. Baada ya hapo hasemi tena kitu kwa mtu yeyote, na asiposema hatuna cha kumsaidia.

Ila kuna kitu tunafanya siku za mwanzo, na kama hawakukifanya kule kwenu wadai. Tunamuuliza, nani nikimwambia habari zako hutakasirika? nimwambie nini, nisimwambie nini? Anaandika jina anasaini, na anaweza kubadilisha siku yoyote. Wengine hawaandiki mtu. Wengi, hata wale waliouza vitanda vya mama zao, wanaandika mama.

#16 Nyanya Chungu

Marahaba mwanangu. Jumamosi naenda. Nitamuuliza kama aliniandika.

#17 Mwana wa Chang'ombe

Mama mimi niliandika jina la bibi na alikuwa keshakufa. Nenda.

#18 Nimekaa Jamatini

Karanga zimeniisha na machozi yananitoka mbele za abiria. Hebu tupunguze presha, dada nasikia huko vituoni mnapewa zawadi sana na ndugu wa wagonjwa, mnakula au mnakataa?

#19 Mtoto wa Ntyuka

Haha hapo nako kuna kesi. Darasani tuliambiwa zawadi hapana, leo soda kesho anataka upendeleo. Mwezi uliopita akaja bibi wa mteja mmoja kutoka kijijini huko, kapanda basi na jogoo kamfunga miguu, mjukuu wake ana wiki kadhaa hajanywa. Ananiambia kwa Kigogo pokea. Mimi nikakumbuka notisi, nikaanza "bibi hapa hatupokei..." Bibi akanitazama kama nimemtemea mate. Mnajua kwetu kumrudisha mkubwa na kuku wake mkononi maana yake nini.

Supavaiza akatoka ofisini, akampokea jogoo kwa mikono miwili na kupiga goti, akamshukuru kwa niaba ya kituo. Halafu kwa sauti, wateja wote wanasikia, akasema huyu ni wa wote, analiwa Jumamosi, na hakuna anayebeba hata shingo kwenda nayo kwake. Kuna daftari la zawadi, akanipa kalamu niandike. Nikauliza kwenye "aina ya zawadi" nijaze nini, akasema jaza unachokiona.

Imeandikwa hivi, na iko pale mpaka leo: "Jogoo 1, mweupe, mzima, mkali. Kapokelewa na kituo. Kaliwa na watu 23 kwa ugali na mlenda."

Supavaiza kajibu kuhusu uzi. Kasema uache, ila niandike tukio la mtaa kwenye ripoti yangu ya fildi, ukurasa mzima. Naenda kuandika.

#20 Jogoo la Kongwa

Watu 23 mmemla ndugu yangu alafu mnaniletea maadili

#21 Mzee wa Miyuji

😂😂 Jogoo, wewe wa Kongwa hata kwenye daftari huingii.